Babu alikuwa fundi cherehani. Arobaini imepita, nimeachiwa daftari nisiloweza kulisoma

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu utakuwa mrefu. Mwenye haraka apite salama, mwenye nafasi avute kigoda.

Hitima ya arobaini ya babu tumeisoma Ijumaa iliyopita, Tanga, pale pale Ngamiani alipoishi. Kesho yake kikakaliwa kikao cha familia, na vikao hivi mnavijua, chai haijapoa watu wameshafika kwenye vitu. Nyumba haikuwa na maneno kwa sababu bibi yupo hai. Maneno yakahamia kwenye cherehani. Shangazi anataka iuzwe, anasema tangu 2019 haijashona hata kiraka. Binamu yangu tayari ana mtu wa chuma chakavu. Mimi nikasema iachwe. Nikaulizwa mbele ya watu, "Kwani wewe unajua kushona?"

Sijui. Utoto wangu wote nimelala hatua tatu kutoka cherehani ile, na kupachika uzi wenyewe nababaisha.

Nikaona nivute droo angalau nijue tunagombania nini. Kulikuwa na bobini tisa, kopo la maziwa ya unga limejaa vifungo, na vipande vya sabuni ya kufulia vilivyokonda mpaka unaona mwanga upande wa pili, maana chaki aliiona israfu. Chini kabisa kaunta buku mbili zimefungwa pamoja kwa kipande cha upindo. Madaftari ya vipimo. Tarakimu tunazisoma wote: 34, 28, 40. Ila majina na maelezo yote kaandika kwa herufi za Kiarabu. Kiarabu babu hakukijua zaidi ya cha msikitini, kwa hiyo hicho ni Kiswahili kilichovalishwa herufi za chuoni, yaani madrasa. Mimi chuo niliishia Juzuu Amma, na mwandiko wake kwangu ni nyayo za kuku.

Naomba anayesoma maandishi ya namna hii anisaidie kurasa chache. Na kama humu kuna fundi, aniambie Singer iliyolala miaka mitano inafufuka au ndiyo basi.

#2

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana dada, Mungu amrehemu mzee wetu.

#3

Siti ya mbele nimeshakaa. Endelea.

#4

Mimi fundi wa mashine, sio mshonaji, nazifungua tu. Tazama namba iliyogongwa kwenye kitako. Kama inaanza na herufi mbili na ya kwanza ni E, hiyo ilitoka Clydebank kule Scotland, kiwanda kilichofungwa 1980. Huyo mtu wa chuma chakavu mwambie akauze sufuria.

Usiikanyage kavu. Dondoshea mafuta ya taa kila tundu la oili, ilaze usiku kucha, kesho zungusha gurudumu kwa mkono pole pole mpaka weusi utoke, futa, halafu ndio utie oili ya cherehani. Narudia, OILI YA CHEREHANI. Watu wanatia mafuta ya kupikia, yanaganda humo ndani kama gundi halafu wananiletea mimi. Mkanda wa ngozi utakuwa umekakamaa, badilisha.

#5 – Mleta uzi

Mkuu #4, inaanza na EF. Asante, usiende mbali.

Niwaambie alivyoanza. Kitambulisho chake kinasema kazaliwa 1937, ila mwenyewe alisema mama yake alihesabu kwa njaa na mvua, hiyo 1937 ni ya karani. Alipotoka chuoni akapelekwa kwa fundi mmoja aliyekaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi. Mwaka mzima hakugusa cherehani. Kazi yake ilikuwa pasi ya mkaa: awashe, apepee, amwage majivu, na ole wake cheche idondoke kwenye shati la mtu. Mwaka wa pili vifungo na matundu yake. Ndipo akaruhusiwa kukanyaga, bila uzi, akishona karatasi ya gazeti iliyochorwa mistari ya kalamu. Matundu yakitoka nje ya mstari, anarudi kwenye mkaa.

Hiyo Singer aliinunua 1961 kwa fundi wake alipozeeka macho. Kauli yake: "Nyinyi uhuru wenu wa Desemba, mie wangu wa Agosti."

Tanga ya wakati huo ilikuwa mkonge. Manamba, vibarua wa mashamba hayo, wakimaliza kipande, yaani siku thelathini za kazi zimetimia kwenye kadi, wanashuka mjini na hela mfukoni. Kwanza kitambaa dukani, halafu fundi barazani, halafu mengine yasiyosemeka mbele ya wajukuu. Wengi walirudi kuchukua suruali baada ya kipande kingine, kwa sababu yale mengine yalishakula hela ya kushonea. Babu alizitunza. Alikuwa na ukuta mzima wa suruali za watu wasiorudi.

Baada ya Azimio la Arusha kila karani akataka kaunda suti. Halafu ikaja Operesheni Vijana, 1969 mwanzoni, vita dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana. Operesheni yenyewe ilikuwa Dar, lakini upepo ulifika Tanga. Babu akaweka chupa tupu ya soda chini ya meza. Kijana akitaka suruali ya kubana, chupa inapitishwa kwanza kwenye mguu wa pantaloni, na isipotokea chini, babu hashoni. Hakuwa mtu wa siasa. Aliogopa tu kazi yake ichanwe barabarani na aonekane fundi mbaya.

Naenda kumpa bibi dawa, narudi.

#6

Chupa ya soda 😂😂 Babu yangu Moshi naye alisimulia hivyo hivyo.

#7

Nyuzi za marehemu wote huwa malaika. Hakuwa na ubaya? Maana mafundi cherehani ninaowajua mimi ni waongo watupu. Suti ya harusi yangu niliambiwa njoo kesho mara sita, nikaoa na suti ya kuazima, mikono inaishia huku juu. Picha zipo ukutani mpaka leo.

#8 – Mleta uzi

Mkuu #7 umenichekesha msibani. Ubaya alikuwa nao, nisikudanganye.

"Njoo kesho" ilikuwa salamu yake. Alishasema njoo kesho kwa imamu, na kwa askari aliyekuja na sare imechanika makalioni. Wiki ya Idd ndiyo usiseme. Anapokea kazi mpaka mwezi 28 Ramadhani, anashindwa kumwambia mtu hapana, halafu usiku wa mwezi kuandama nyumba nzima haikulala. Bibi vifungo, mama anafuata upindo kwa mkono, sisi watoto tunakata nyuzi zinazoning'inia. Saa kumi alfajiri watu wamejaa uani na taulo mabegani, wameshaoga, wanasubiri kanzu. Ipo Idd alikwenda kuswali amevaa kanzu ya mwaka juzi yenye doa la chai, mji mzima umevaa mpya alizoshona yeye.

Na kulikuwa na hili la baba mdogo. Alikataa kazi ya ufundi, akataka udereva wa malori. Babu hakumsemesha miaka miwili. Miwili kamili, ndani ya nyumba moja. Ila suruali za kuendea udereva alimshonea yeye, akazipitisha kwa bibi. Baba mdogo alizijua kwa mfuko wa nyuma, babu alikuwa anaupiga mshono mara tatu kwenye pembe. Alizivaa, naye hakusema kitu. Wanaume wa kwetu ndivyo walivyo.

#9

Vipi miaka ile ya shida? Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka foleni tu. Mafundi walishona nini wakati vitambaa havipo?

#10 – Mleta uzi

Hapo sikuwepo, nilizaliwa 1986, nasimulia ya bibi.

Khanga na vitambaa vya viwanda vya Urafiki na Mwatex vikiingia dukani vinaishia kwenye foleni. 1983 ulipopita msako wa wahujumu uchumi, mwenye duka akawa anaogopa hata kuonekana na jora zima. Babu akaishi kwa kugeuza. Kola ya shati ikilika kwa shingo, unaifumua, unaigeuza, upande wa chini ambao haujaona jua unakaa juu, shati linakuwa jipya kuanzia shingoni. Suruali iliyopauka anaifumua yote vipande vipande na kuishona ndani nje. Ni kazi kubwa kuliko kushona mpya na malipo ni robo. Bibi anasema alilipwa mihogo, alilipwa sabuni, siku moja alilipwa kuku mgonjwa na akamshukuru mtu.

Halafu milango ya biashara ikaachiwa, 1984 na kuendelea, mitumba ikarudi sokoni. Mafundi wengi walilia. Nani ashone shati na la Ulaya linauzwa bei ya vifungo? Babu alitazama wiki moja, kisha akagundua kuwa Wazungu ni wanene. Kila suti iliyotoka kwenye marobota ilihitaji mtu wa kuipunguza. Sisi tumesomeshwa na viuno vya Wazungu, na sioni aibu kulisema.

#11

"Tumesomeshwa na viuno vya Wazungu." Hii naiazima.

#12 – Mleta uzi

Mimi mwenyewe nililelewa pale tangu miaka mitatu, mama alipokwenda kutafuta kazi Dar. Kwa babu nilikuwa "mke mdogo", na bibi aliniita "mke mwenzangu", tukigombana jikoni ananishtaki kwake kabisa.

Kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, ananisimamisha mlangoni penye mwanga. Futi shingoni, kalamu sikioni. "Simama, usivute pumzi, unamwibia fundi." Ananipima kifua, kiuno, urefu. Halafu sketi ya bluu ya shule anaikata ndefu kuliko mimi, anaikunja upindo wa vidole vinne ndani. Januari inayofuata hakati nyingine, anafumua upindo na kushusha. Inayofuata tena hivyo hivyo. Kila ulipokuwa mkunjo panabaki mstari wa bluu iliyoiva kati ya bluu iliyopauka. Darasa la nne sketi yangu ilikuwa na mistari mitatu. Watoto waliiita sketi ya ngazi. Nikaja nyumbani nalia, nikamwambia wenzangu wanashonewa mpya.

Hakunibembeleza. Alinyanyua sketi, akaihesabu mistari kwa kidole. "Hapa ulikuwa hapa. Hapa ukawa hapa. Wenzako wataonesha nini?" Akarudi kwenye cherehani yake. Sikuridhika hata kidogo. Ningependa mpya.

Jingine nililoliona nikiwa mdogo bila kulielewa: sanda. Akifa mtu mtaani, hata kama ni saa nane usiku, wanakuja kumgongea yeye. Sanda haishonwi, inakatwa tu, shuka tatu kwa mwanamume, tano kwa mwanamke, lakini watu walitaka mkono wake. Hakutoza. Na hakumpima maiti kwa futi yake hata siku moja, alipimia uzi wa katani, akishamaliza anauchoma. Nilimuuliza kwa nini. Akasema futi ni ya watu wanaobadilika.

Ya kwake aliikata kijana aliyefundishwa kazi na babu, sasa naye ni mzee wa ndevu nyeupe. Alikuja na uzi wa katani mfukoni, hatukumwambia.

#13

Nimesimamisha bajaji pembeni nasoma hii.

#14 – Mleta uzi

Naweka picha tatu. Ya kwanza ukurasa wa kawaida. Ya pili na ya tatu ni ukurasa wa mwisho wa daftari la pili, ambao nadhani ni mimi, kwa sababu unaanza 1993 na kifua 23. Ila kinachonitatiza, mimi niliondoka kwenda chuo Dar 2005. Baada ya hapo hakunipima tena. Vipimo vinaendelea mpaka 2023. Kuanzia 2006 kila mstari una neno moja mwishoni, lile lile.

#15

Makiwa dada. Mimi ni wa Lamu, khati hizi nimefundishwa na nyanya yangu aliyekuwa akiandikiana barua na dadake kwa herufi hizi hizi. Mkono wa babuyo ni mzuri, wino tu ndio umefifia.

Nikueleze kidogo ili urudi usome mwenyewe. Herufi za Kiarabu hazitoshi sauti zetu, kwa hiyo wazee waliibebesha herufi moja mizigo miwili mitatu. Be yaweza kuwa b, p au mb. Fe yaweza kuwa f au v. N iliyo mbele ya d au z aghlabu haiandikwi, ndiyo maana hapo waona "kazu" na ni kanzu. Irabu nazo ni tatu tu, kasra ni i au e, dhuma ni u au o. Msomaji hujaza kwa akili, kama anayesikiliza mtu asiye na meno.

Picha ya kwanza: "Kaptula ya mtoto wa muuza samaki, deni." Chini yake, "Kanzu ya maulidi, kalipa nusu." Ya tatu imenifurahisha: "Suruali ya mwalimu, mguu wa kushoto mfupi inchi moja, asiambiwe."

Picha ya pili, juu kabisa pameandikwa "mke mdogo". Ni wewe.

Hilo neno la mwishoni lasomeka "kwa mashu". Shini hapo ni ch, dhuma ni o. *Kwa macho.*

#16

😭

#17 – Mleta uzi

Samahanini nilipotea. Nilifunga simu nikakaa uani na bibi.

Wakuu, tangu niondoke Tanga mpaka cherehani ilipolala, kila Idd lilikuja gauni kwa basi, limefungwa gazetini, jina langu juu kwa kalamu nene. Nililikuta stendi, nikalivaa, likakaa. Sikuwahi kulipeleka kwa fundi yeyote wa Dar kurekebishwa. Siku zote nilidhani bibi anamwambia kwa simu kuwa nimenenepa au nimepungua. Bibi nimemuuliza sasa hivi. Anasema hajawahi. Anasema nilipokuwa nikija likizo na kuingia mlangoni, babu ananiitikia salamu, ananitazama mara moja, kisha anakwenda chumbani kidogo. Yeye alidhani mzee anakwenda kujisaidia.

Lakini nimerudi kwenye mstari wa 2011. Kiuno ameandika 30, amekata, akaandika 35. Shemeji yangu wa Lamu, naomba unisomee kilichoandikwa pembeni kwa herufi ndogo, mimi nimejaribu na nadhani nimekisoma lakini siamini macho yangu.

#18

"Iachwe akiba ubavuni, vidole vitatu."

#19 – Mleta uzi

Ndivyo nilivyosoma.

Mwaka huo nilikwenda Tanga siku mbili tu, nikiwa na mimba ya wiki kumi. Mume wangu ndiye pekee aliyejua. Mama hakujua, bibi hakujua, nilikuwa nimeshapoteza moja kabla na sikutaka mtu anihesabie siku. Gauni lilipokuja Idd ile nililiona lina nyama nyingi ndani ya mishono ya pembeni, nikasema mzee sasa macho yamechoka. Mimba ilipofika mwezi wa sita nikalifumua mwenyewe kwa wembe, nikalipanua, nikajifungua nalo likiwa bado linanitosha.

Hakuniuliza kitu. Mtoto alipozaliwa, simu ikapigwa Tanga, watu vigelegele, yeye akaomba apewe simu, akasema, "Haya. Mlete tumpime."

#20

Nimeshindwa kuchangia. Nimempigia babu yangu, hajapokea, nadhani amelala.

#21

Uzi wa mwaka. Mods bandikeni huu juu.

#22

Mimi narudi kwenye chuma. Mashine imefikia wapi?

#23 – Mleta uzi

Mkuu #4 uliyerudi, nilifanya kama ulivyosema. Mafuta ya taa usiku, asubuhi weusi ukatoka kama maji ya dagaa. Siku ya pili gurudumu likazunguka. Mkanda nimepata barabara ya tisa. Kijana wake, yule mzee wa ndevu nyeupe, alikuja kunipachikia uzi na kunipa gazeti lililochorwa mistari. Ndiyo, karatasi, bila uzi. Nikamwambia uzi umeshaupachika, akautoa.

Siku ya nne nikaruhusiwa kukunja upindo wa kaptula ya mpwa wangu. Mshono umekwenda kama mlevi anavyorudi nyumbani. Bibi ameutazama akasema kwa heshima ya marehemu hatasema neno. Shangazi bado anataka iuzwe ila amepunguza sauti, na jana nimemkuta ameleta zipu yake iliyokufa, ameiweka juu ya meza ya cherehani bila kusema ni ya nani.

#24

Hongera fundi. Nina suruali tatu zinatakiwa kupunguzwa kiuno, nipo hapo hapo Tanga. Nizichukue lini?

#25 – Mleta uzi

Njoo kesho.